Kabla ya kulaumu risasi, soma alama ya pini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo linalowahusu walinzi wa usiku, askari wa wanyamapori, wafugaji na wakulima wenye leseni ya bunduki, pamoja na wote wanaowaajiri au kuwakagua. Habari ya bunduki inapoharibika, maelezo yanayotolewa huwa ya aina mbili tu. Ikikataa kulia ilipohitajika, husemwa risasi ilikuwa mbovu. Ikilia pasipotakiwa, husemwa imejifyatua yenyewe. Yote mawili hutokea kweli, na yote mawili hutumika pia kufunika uzembe. Ushahidi wa kutenganisha moja na jingine upo nyuma ya ganda la risasi, katika kile kiduara cha shaba ambacho wengi wetu tunakiita praima na wazee wakikiita fataki. Lakini ganda hilo karibu kila mara linatupwa kabla mtu hajalitazama.

Praima ni kikombe kidogo cha shaba laini. Zile za risasi kubwa za bunduki zina upana wa milimita 5.3 hivi, na zile ndogo, kama za risasi nyingi za 5.56, ni milimita 4.45. Sakafu ya kikombe haifiki hata unene wa milimita moja. Ndani mna kidonge chembamba cha dawa ya mlipuko, na upande wa pili wa dawa kuna kipande kigumu kinachofanya kazi ya fuawe. Ukivuta kifyatulio, ncha ya pini inagonga sakafu ya kikombe kutoka nje, sakafu inabonyea kwenda ndani, na dawa inabanwa kwa ghafla kati ya sakafu hiyo na fuawe. Kubanwa huko ndiko kunakoilipua. Wengi wanadhani pini inatoboa praima. Haipaswi kuitoboa kamwe, na ikiitoboa hilo ni kosa kubwa nitakalolieleza mbele.

Moto wa praima unapita kwenye tundu lililo chini ya ganda na kuwasha baruti. Shinikizo linapanda ndani ya muda mfupi mno hadi maelfu ya baa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ulaya kwa risasi ya .303 British ni baa 3,650, kwa 7.62x39 ni 3,550, na kwa .375 H&H Magnum, ambayo maafisa wanyamapori na wawindaji wa nchi zetu wanaifahamu vizuri, ni 4,300. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu. Shinikizo hilo linasukuma kichwa cha risasi mbele, lakini linasukuma vilevile nyuma, juu ya kile kikombe chembamba cha shaba. Hapo ndipo pini inapokuwa na kazi ya pili ambayo watu hawaisemi: baada ya kupiga, inabaki mbele na kukiegemeza kikombe kisipasuke pale kilipobonyea. Kwa hiyo pini ni nyundo kwanza, kisha ni nguzo. Springi iliyochoka inaiharibu kazi zote mbili. Pigo linakuwa dogo, na likifaulu kuwasha, pini inasukumwa nyuma na shinikizo wakati ilitakiwa isimame.

Praima za bunduki za siku hizi ni za familia mbili, zote zikitokana na miaka ya 1860. Hiram Berdan wa Marekani aliiweka fuawe ndani ya ganda lenyewe, kwa hiyo ganda la mtindo wake lina matundu mawili ya moto pembeni mwa fuawe. Edward Boxer, afisa wa Uingereza, aliiweka fuawe ndani ya praima, na ganda likabaki na tundu moja katikati. Mambo yaligeuka: Wamarekani wakashika mtindo wa Boxer, na majeshi mengi ya Ulaya, pamoja na Urusi na China, yakashika wa Berdan. Ndiyo maana risasi za kijeshi za bunduki za SKS na AK zilizozagaa Afrika Mashariki nyingi ni za Berdan, ilhali za uwindaji zinazouzwa madukani nyingi ni za Boxer.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mwenye risasi anaweza kukikagua bila chombo chochote. Praima inatakiwa ikae sawa na kitako cha ganda, au iingie ndani kidogo tu, kama sehemu nane hadi kumi na tatu za mia za milimita, yaani milimita 0.08 hadi 0.13. Isichomoze hata kidogo. Pitisha kidole juu ya kitako cha risasi: ukihisi uvimbe, iweke kando. Njia nyingine ni kuzisimamisha risasi zote juu ya kioo kilicholala sawasawa. Inayoyumba ina praima iliyochomoza. Kosa hilo moja linaleta matatizo mawili yanayopingana. Katika bunduki inayojipakia yenyewe, bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga chemba (mahali risasi inapokaa) kwa nyuma, ikirudi mbele kwa kasi inaweza kuigonga praima iliyochomoza na risasi ikalia kabla hujagusa kifyatulio. Katika bunduki ya bolti ya mkono, praima hiyohiyo inaweza kukataa, kwa sababu nguvu ya pini inaishia kuisukuma ikae mahali pake na haibaki ya kubana dawa. Ndipo mtu anarudisha pini, anapiga mara ya pili, inalia. Anahitimisha kwamba risasi ilikuwa na unyevu. Haikuwa na unyevu wowote. Pigo la kwanza lilimaliza kazi ambayo kiwanda, au aliyejaza ganda upya, hakuimaliza.

Sasa pini yenyewe. Mambo matatu yanaamua kama itafanya kazi: inachomoza kiasi gani, ncha yake ina umbo gani, na inapiga kwa nguvu gani. Katika bunduki za aina ya Mauser 98, pini iliyoachiliwa inachomoza kwenye uso wa bolti kama milimita 1.4 hadi 1.65. Katika M16 na ndugu zake ni ndogo zaidi, kati ya milimita 0.71 na 0.91, kwa sababu praima zake na mfumo wake wote ni tofauti. Kila aina ina kipimo chake, na fundi hupima kwa vernia au kwa geji maalumu, hapimi kwa jicho. Ikichomoza pungufu, praima inabonyezwa kidogo na kukataa. Ikizidi, inatoboa. Ncha lazima iwe duara laini kama nusu ya tufe. Ncha bapa inatawanya nguvu, na ncha kali inakata shaba. Mtu asithubutu kuipiga tupa pini ili "iume vizuri". Tupa inaacha mikwaruzo na kona, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Viwandani nguvu inayohitajika kulipua praima hupimwa kwa kudondosha tufe la chuma la uzito unaojulikana kutoka vimo mbalimbali juu ya pini ya majaribio. Unatafutwa urefu ambao praima zote zinalia, na urefu ambao hata moja hailii. Kati ya vimo hivyo viwili kuna eneo la bahati nasibu, ambapo praima moja inalia na jirani yake inakataa. Bunduki nzima imetengenezwa ili ipige juu kabisa ya eneo hilo. Springi ikichoka, au grisi ikigandia ndani ya bolti, pigo linashuka hadi ndani ya eneo hilo. Ndiyo sababu bunduki mgonjwa haikatai kila risasi: inakataa moja katika ishirini, kisha moja katika kumi, na mwenyewe anaendelea kulaumu boksi la risasi.

Hebu tuzisome alama zenyewe, kwa mwanga mzuri na kioo cha kukuzia kama kipo.

Kishimo cha kawaida kipo katikati, ni cha duara, kina chini laini na kingo zilizoinama polepole. Hicho kikiwepo na risasi imekataa, hapo una haki ya kushuku praima: imeingiwa na mafuta, imezeeka, au haikuwa na dawa. Kishimo kifupi, kama mtu aliyegusa kwa ncha ya kalamu, kinaelekeza kidole kwenye bunduki: springi dhaifu, uchafu au grisi kwenye njia ya pini, pini iliyovunjika ncha, bolti isiyofungwa hadi mwisho. Kinaweza pia kuelekeza kwenye nafasi iliyozidi kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapoegemea chembani. Nafasi hiyo ikizidi, pigo la pini linasukuma risasi nzima mbele badala ya kubonyeza praima. Kishimo kilichokaa pembeni kinamaanisha pini au bolti haiko sawa na chemba, na praima inayopigwa mbali na fuawe hukataa hata ikipigwa kwa nguvu.

Alama zinazotokea baada ya risasi kulia zina habari zaidi. Ukiona ukingo ulioinuka kuzunguka kishimo kama mdomo wa kreta, shaba imejaa ndani ya tundu la pini. Ama tundu limepanuka kwa kulika, ama shinikizo lilikuwa kubwa mno, ama springi haikuweza kuizuia pini. Praima iliyosawazishwa kabisa, kona zake zimepotea na imejaa mpaka ukingo wa mfuko wake, ni dalili ya shinikizo kubwa, ingawa praima zenye shaba laini hufanana hivyo hata katika hali ya kawaida, kwa hiyo zilinganishwe na za boksi hilohilo. Praima iliyorudi nyuma na kuchomoza baada ya kulia inawachanganya wengi, kwani wanadhani ni shinikizo kubwa. Mara nyingi ni kinyume chake. Kila risasi inapolia praima husukumwa kwanza nyuma mpaka kwenye uso wa bolti. Kisha shinikizo likiwa la kutosha, ganda lote linanyooka, linarudi nyuma na kuimeza tena. Ikibaki nje, shinikizo halikutosha kulirudisha ganda, na ganda lilikuwa na nafasi ya kucheza. Bunduki hiyo ipelekwe kupimwa chemba.

Praima iliyotobolewa ndiyo mbaya kuliko zote. Utaona kitundu cheusi chenye masizi, na pengine kipande cha shaba cha duara kimeingia kwenye tundu la pini. Gesi ya moto imerudi nyuma kupitia bolti kuelekea jicho la mpigaji. Paul Mauser alilijua hilo, na Mauser 98 ina matundu ya kutolea gesi kwenye bolti pamoja na ukingo mpana nyuma yake wa kuikinga sura. Bunduki nyingine hazina ulinzi kiasi hicho. Isitoshe, gesi hiyo inamomonyoa ncha ya pini na kuiachia mashimo yenye kingo kali, na kingo hizo zinatoboa praima inayofuata. Kwa hiyo praima moja iliyotobolewa inatosha kuisimamisha bunduki. Pini itolewe, ikaguliwe, na ikiwa imeliwa ibadilishwe, haisuguliwi. Miwani ya kukinga macho inagharimu kidogo sana, nami sioni kwa nini kampuni ya ulinzi impeleke mtu kwenye mazoezi ya shabaha bila hiyo.

Nije kwenye lile la "imejifyatua yenyewe". AK, SKS za matoleo ya baadaye, M1 Garand na M16 zina pini inayoelea: haina springi ya kuivuta nyuma. Bolti ikifunga kwa kasi na kusimama ghafla, pini inaendelea mbele kwa uzito wake na kuigusa praima. Hilo si hitilafu, ndivyo ilivyoundwa. Chukua risasi iliyopakiwa chembani kwenye mojawapo ya bunduki hizo kisha ikatolewa bila kupigwa, utaona nukta ndogo katikati ya praima. Usalama unategemea pini kuwa nyepesi na praima kuwa ngumu vya kutosha. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 pini ya M16 ilipunguzwa uzito kwa sababu hiyohiyo, na praima za kijeshi zikawekewa viwango vya ugumu. Ukiweka risasi yenye praima laini ya uwindaji kwenye bunduki ya namna hii, umeondoa sehemu moja ya kinga.

Hatari inakuwa kubwa pini inapokwama mbele. SKS iliyotoka ghalani ikiwa bado na grisi nzito ya kuhifadhia, ikasafishwa nje tu, inaweza kuwa na pini iliyonata kwenye bolti. Bolti ikirudi mbele, ncha iliyokwishachomoza inaigonga praima, bunduki inalia, na inaweza kuendelea kulia mpaka magazini iishe huku kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Ukaguzi wake ni wa nusu dakika. Bunduki ikiwa tupu na umehakikisha chemba kwa jicho na kwa kidole, toa bolti na uitikise sikioni. Pini inayoelea lazima isikike ikigongagonga, na iende mbele na nyuma kwa uzito wake tu. Isiposikika, bunduki hiyo haipakiwi.

Hapa nina neno kwa malindo yote yanayopakia na kupakua kila zamu. Mlinzi anaingia zamu, anapakia. Anatoka, anatoa risasi, na anayefuata anaipakia ileile kwa kuwa ndiyo iko juu kwenye magazini. Baada ya wiki kadhaa risasi hiyo imegongwa kidogo kidogo mara nyingi, na kile kidonge cha dawa ndani ya praima kinaweza kupasuka au kumeguka. Siku inapohitajika kweli, inapigwa pigo kamili na inakataa. Zungusheni risasi: iliyotolewa chembani iende chini kabisa ya magazini, na yenye nukta iliyokwisha kuwa kishimo iwekwe kando ya kurudishwa. Lililo bora zaidi ni kuacha chemba tupu pale ambapo kazi inaruhusu.

Shotigani za kukunja, yaani zinazofunguliwa kwa kukunja mtutu, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa walinzi wetu, zina tatizo lake. Pini ikishindwa kurudi nyuma baada ya kulia, ncha yake inabaki imezama kwenye praima na bunduki inakuwa ngumu kufunguka. Mlinzi anailazimisha kwa goti, siku nyingine anaweka risasi mpya na kuifunga kwa nguvu juu ya pini iliyochomoza. Matokeo yake yanajulikana. Kufunguka kwa shida ni onyo, wala si uzee wa kuvumiliwa. Bunduki za .22 nazo hazina praima ya katikati kabisa: dawa imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda na pini inaubana ukingo huo. Kuzifyatua zikiwa tupu mara kwa mara kunaifanya pini ipige ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo tumieni risasi bandia ya mazoezi au acheni.

Kuhusu kifungo cha usalama, si vyote vinafunga kitu kilekile. Kile cha Mauser 98 kinaishika pini yenyewe. Bunduki nyingi za kisasa zinafunga kifyatulio tu, na pini inabaki imezuiwa na jino moja dogo la chuma. Jino hilo likilika, au likijaa vumbi na mafuta yaliyoganda, bunduki inaweza kulia ikidondoka au bolti ikifungwa kwa kishindo. Jaribio lake hufanywa bunduki ikiwa tupu kabisa: vuta bolti, ifunge kwa nguvu mara kadhaa, kisha gonga kitako cha bunduki kwenye kipande kizito cha mpira. Pini isianguke hata mara moja. Ikianguka, neno "imejifyatua yenyewe" lina msingi, na swali linalofuata ni nani aliikagua mara ya mwisho. Isipoanguka, wapelelezi watafute kidole.

Risasi ikigoma, sikia mlio wa "tak" na usifanye lolote kwanza. Weka mtutu palepale ulipoelekea, upande salama, na hesabu sekunde 30. Praima dhaifu inaweza kuchelewa kuiwasha baruti, na ingawa kuchelewa kwa kweli mara nyingi ni chini ya sekunde moja, hutaki kuwa umefungua bolti sekunde hiyo. Ganda likilipuka nje ya chemba linapasuka na kurusha vipande vya shaba usoni na mikononi. Baada ya hapo fungua bolti taratibu, uso ukiwa pembeni, na toa risasi. Askari aliyesimama mbele ya nyati hawezi kuhesabu sekunde 30, na hakuna anayemtaka ahesabu. Anatupa na kupakia nyingine, naye amechagua hatari ndogo mbele ya kubwa. Ndiyo sababu wawindaji wa zamani walipenda bunduki za mitutu miwili zenye mitambo miwili tofauti. Mlinzi wa benki au mkulima anayefukuza ngedere hana udhuru huo.

Mlio ukiwa dhaifu, "puf" bila kurudi begani, hatari ni nyingine na ni kubwa zaidi. Praima imelia, baruti haikuwaka au imewaka nusu, na kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata itaupasua. Pakua, toa bolti, na tazama mtutu kutokea nyuma dhidi ya mwanga. Usipoona mwanga, bunduki iende kwa fundi ikiwa hivyohivyo.

Praima inauawa na mafuta kuliko inavyouawa na mvua. Risasi nzuri zina rangi ya kuziba inayozunguka praima, nazo huvumilia mvua kiasi, lakini mafuta mepesi ya kupenya kutu, yale ya makopo ya kupuliza, yanatambaa hata kwenye upenyo usioonekana. Kupuliza mafuta kwenye bolti na kuiweka bunduki ikiwa imepakiwa, mtutu chini, ni kuyaelekeza yapite kwenye tundu la pini moja kwa moja hadi kwenye praima. Risasi hufutwa kwa kitambaa kikavu. Ndani ya bolti na kwenye pini, baada ya kusafisha kwa mafuta ya taa na kukausha, paka utando mwembamba kabisa wa mafuta mepesi, au acha pakavu ikiwa mko kwenye vumbi la Serengeti au Tsavo, ambako mafuta na vumbi hugeuka kuwa tope. Grisi isiingie humo. Usiku wa baridi kwenye miinuko inakuwa nzito na kulipunguza pigo.

Watu wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na visiwani wana adui wa ziada. Risasi za zamani za kijeshi, zikiwemo nyingi za .303 na za 7.62x39, zina praima zenye klorati ya potasiamu. Inapoungua inaacha kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo ndugu wa karibu wa ile ya mezani, nayo inavuta unyevu wa hewani. Katika hewa ya pwani kutu inaweza kuonekana asubuhi inayofuata. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, yanaifunika tu huku ikiendelea kula chuma chini yake. Inayoiyeyusha ni maji. Siku hiyohiyo ya kupiga, toa bolti, mimina maji ya moto yapata lita moja kupitia chemba kwa faneli, pitisha vitambaa vikavu hadi vitoke vikavu, ndipo upake mafuta. Uso wa bolti, ncha ya pini, na pistoni ya gesi kwa AK na SKS, vyote vioshwe vivyo hivyo. Kutu kwenye ncha ya pini ni vishimo, na vishimo ni praima zilizotobolewa kesho.

Ombi langu kwa kampuni za ulinzi na kwa maghala ya silaha ni dogo. Kila bunduki iwe na daftari lake: tarehe pini na springi zilipokaguliwa, kipimo cha kuchomoza kwa pini, na boksi la risasi linalotumika, pamoja na namba yake. Risasi iliyogoma iwekwe kwenye bahasha na kuandikwa namba ya bunduki, tarehe na mahali. Ikigoma nyingine, ijaribiwe risasi ya boksi lilelile kwenye bunduki nyingine uwanjani. Ikilia vizuri huko na kuacha kishimo kirefu, bunduki ya kwanza ndiyo mgonjwa. Ikigoma huko pia ikiwa na kishimo kizuri, boksi zima liondolewe. Matengenezo ya pini, springi na kifyatulio yafanywe na fundi mwenye kibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kwa Tanzania, na kwa jirani zetu wa Kenya chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria zao.

Na hizo risasi zilizogoma zisitupwe jalalani, zisichomwe moto, zisizikwe shambani, wala mtoto asipewe ganda lenye praima isiyolia achezee. Zisifunguliwe kwa koleo ili kuokoa baruti. Dawa iliyomo kwenye praima iliyopigwa ikakataa bado iko hai, na pigo dogo la bahati mbaya linaweza kuilipua. Zihifadhiwe mahali pakavu, mbali na risasi nzima, na zikabidhiwe kituo cha polisi pamoja na ile bahasha yenye maelezo.

Wako msomaji,
Fundi wa silaha mwenye kibali,
Arusha